WiiM Mini na WiiM Pro: kuipa sabufa ya zamani mlango mpya wa muziki

Ukiingia sebule nyingi za Dodoma, iwe mtaa wa Kisasa, Ilazo, Iyumbu au Nzuguni, utakuta picha ileile: TV ya inchi 43 au 55 ukutani, sabufa ya 2.1 au hom thieta ya 5.1 iliyonunuliwa miaka kadhaa nyuma, na waya wa AUX umening'inia mbele yake kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Anayetaka muziki anachomeka simu, anaiacha pale juu ya sabufa, na ikiita anakimbia kuichomoa. Spika bado nzima, besi bado ipo. Kilichozeeka ni mlango wa kuingizia muziki tu. Vifaa viwili tunavyovipitia hapa, WiiM Mini na WiiM Pro, ni visanduku vya waifai vya kuingizia muziki wa mtandaoni kwenye sabufa, na vinabadilisha huo mlango bila kugusa kitu kingine.

Tuseme mapema kwa asiye na muda. Kwa muziki, Mini inatosha sebule nyingi, na Pro ni ya nyumba yenye simu za Android zisizotegemea Spotify. Kwa sauti ya filamu na mpira, usinunue hata kimoja, tumia waya. Na kama intaneti ya nyumbani kwako ni hotspoti ya simu ya baba, inayoondoka naye kwenda Mtumba kila asubuhi, soma habari za rauta kabla hujatoa hela.

Bluetooth inaishia wapi

Kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye AUX ni bei chee, na kwa mwenye banda la chipsi kinatosha kabisa. Nyumbani ndiko kinakochosha. Muziki unashuka kutoka mtandaoni hadi kwenye simu, simu inaufungua, inaufunga upya kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC, kisha inaurusha. SBC ya ubora wa juu ni kama kilobiti 328 kwa sekunde, namba isiyotisha. Kinachoharibu ni muziki uliokwishabanwa kubanwa mara ya pili. Ukitaka kuusikia uharibifu, usitumie Bongo Fleva yenye besi nzito. Weka ngoma za Wagogo, hasa ilimba, ile ya vibao vya chuma vinavyovuma na kukwaruza kidogo kila kidole kinapogusa. Kupitia kipokezi cha bei ndogo, ule mkwaruzo unakuwa kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili.

Kero nyingine zinajulikana. Ujumbe wa WhatsApp unagonga katikati ya wimbo kwa sauti ya kushtua wageni. Mwenye simu akienda kuoga, wimbo unakatika, maana Bluetooth ya kawaida ni ya mita 10 pasipo ukuta. Halafu kuna yule dada wa Kiingereza chenye lafudhi ya Kichina anayetangazia mtaa mzima kwamba simu imeungana.

Kisanduku cha waifai hufanya kazi kwa njia nyingine. Simu inabaki kuwa mwagizaji. Mzigo unatoka ghalani moja kwa moja hadi kwenye sabufa bila kupita mgongoni kwake. Ukibonyeza wimbo kwenye Spotify na kuchagua kifaa cha sebuleni, kisanduku chenyewe ndicho kinachoufuata mtandaoni. Simu ikiita unapokea, muziki unaendelea. Simu ikizima chaji, muziki unaendelea. Mtoto akiichukua akacheze gemu, vilevile.

Bando lihesabiwe mapema. Hadi 2025, ubora wa juu wa akaunti ya kulipia ya Spotify, huduma iliyofunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021, ulikuwa kilobiti 320 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 144 kwa saa. Saa 3 kila siku kwa mwezi ni kama gigabaiti 13. Ukishusha hadi kilobiti 160 unatumia nusu yake, na kwa spika za sabufa ya kawaida wachache sana watagundua tofauti. Tunawashauri wenye bando lenye kikomo waanze na 160.

Mini au Pro

WiiM ni jina la biashara la kampuni ya Linkplay. Mini ilitoka 2022 na imekuwa ikiuzwa karibu dola 89, Pro ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo kwa dola 149. Tukichukua shilingi 2,600 kwa dola, ni kama 231,000 na 387,000, kabla ya usafiri na ushuru. Muuzaji wa Kariakoo ataweka faida yake juu, na kifurushi cha basi cha kuja Dodoma nacho kina nauli.

Mini inakaa kiganjani. Nyuma ina tundu la sauti la milimita 3.5 la kutoa, jingine la kuingiza, tundu la optiko (waya unaobeba sauti kwa mwanga) la kutoa na USB-C ya umeme, basi. Pro ina matundu ya RCA, yale ya pini nyekundu na nyeupe, ya kutoa na ya kuingiza. Ina optiko ya kutoa na ya kuingiza. Na ina tundu la waya wa intaneti, kitu ambacho Mini haina kabisa. Vyote viwili vina waifai ya masafa mawili, Bluetooth, AirPlay 2 (njia ya Apple ya kurusha sauti kwa waifai) na Spotify Connect (ya kurusha kutoka Spotify). Chromecast, njia ya Google ya kurusha, iko kwenye Pro peke yake.

Mstari huo wa mwisho ndio unaoamua. Mwenye iPhone anatoa sauti ya programu yoyote kupitia AirPlay, iwe mahubiri, redio au Boomplay, kwa hiyo Mini inamtosha. Mwenye Android hana AirPlay. Kama anasikiliza Spotify, Mini inamtosha pia. Kama anatumia programu nyingine, aifungue na kutafuta alama ya kurusha, kile kistatili chenye vimawimbi vitatu kwenye kona. Ikiwepo, Pro itaonekana pale. Isipokuwepo, atarudi kwenye Bluetooth ya kisanduku, na hapo Mini na Pro ni wamoja. Angalizo kwa wapenzi wa YouTube: programu ya kawaida ya video haiitambui Pro kama mahali pa kurushia, kwa sababu Pro haina pa kuonyesha picha. Watu wengi hulalamika "kibovu" kumbe ndivyo kilivyoundwa.

Makaratasi ya vifaa hivi yanajivunia sauti ya biti 24 na kilohezi 192. Ni kweli vinaifikia. Ila kama spika zako za pembeni ni za inchi tatu ndani ya boksi la plastiki, usilipe hata mia kwa ajili ya namba hiyo.

Huko madukani bado utakutana na Chromecast Audio zilizotumika, zile duara nyeusi. Google ilisimamisha kuzitengeneza Januari 2019. Machi 2025 cheti cha usalama kilichomo ndani yake kiliisha muda, zikagoma kwa siku kadhaa duniani kote hadi zilipotumiwa marekebisho. Ikiwa nzima na bei ni ya kutupa, chukua. Kwa bei inayokaribia Mini, mwachie muuzaji.

Rauta ndiyo moyo wa kazi

Muziki hauli kasi. Kilobiti 320 ni chini ya theluthi moja ya megabiti. Laini ya megabiti 2 inautosha. Kinachoua muziki ni mawimbi yanayoyumba. Nyumba zetu ni za bloku za inchi 6 zilizopigwa plasta ndani na nje, na rauta ya 4G mara nyingi imewekwa dirishani chumba cha nyuma kwa kuwa ndiko mnara unakoshika. Kutoka dirisha hilo hadi sebuleni kuna kuta mbili au tatu. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi lakini inachoka haraka ukutani, 2.4 inapenya zaidi. Kama kuna ukuta mmoja tu, tumia 5. Zikiwa mbili au zaidi, kipeleke kisanduku kwenye 2.4, na ndani ya mipangilio ya rauta chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu ndizo zisizopandana.

Pima kabla ya kufunga. Simama na simu mahali kisanduku kitakapokaa, si katikati ya sebule, na ufungue programu ya kupima waifai. Usomaji wa dBm -50 hadi -60 ni mzuri. Ukifika -70 muziki utaanza kukwama kila mtu anapopita. Kosa la kawaida ni kukificha kisanduku nyuma ya TV ili kisionekane. Mgongo wa TV una bati, na bati ni ukuta. Kukisogeza sentimita 40 pembeni, juu ya stendi, mara nyingi kunasaidia kuliko kununua rauta mpya.

Sasa hotspoti. Inawezekana kuitumia, lakini ina mitego. Programu ya WiiM inataka simu inayofanya mipangilio iwe imeingia kwenye waifai ileile ambayo kisanduku kitaingia. Simu inayotoa hotspoti haijaingia popote, yenyewe ndiyo mlango, na mara nyingi mipangilio inakwama hapo. Tumia simu mbili: moja itoe hotspoti, nyingine ifanye mipangilio. Kwa iPhone 12 na kuendelea, washa kile kipengele cha kuongeza upatanifu kwenye hotspoti ili itoe masafa ya 2.4. Na ukumbuke kwamba mwenye simu akiondoka, sabufa inabaki bubu.

Rauta ndogo za mfukoni, zile za betri, zina tabia ya kulala zikikaa dakika kadhaa bila mtu wa kuzitumia. Asubuhi unakuta kisanduku hakionekani. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio yake, zima usingizi huo, kisha uiache kwenye chaja.

Kuna pia makosa yasiyoonekana kwa macho. Ukiingiza kisanduku kwenye waifai ya wageni na simu ikawa kwenye waifai ya nyumba, havitaonana. VPN ikiwa imewashwa kwenye simu, havitaonana. iPhone ikiuliza ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa nyumbani na ukabonyeza kataa kwa haraka, havitaonana mpaka uirudishe kwenye mipangilio. Kwa Android, ruhusa za mahali ulipo na vifaa vya karibu ndizo zenye kazi hiyo.

Kufunga, hatua kwa hatua

Zima sabufa kwanza. Kwa Mini utahitaji waya wenye pini moja ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande mwingine, mita 1.5 inatosha. Usichukue ule wa king'amuzi wenye pini tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Unaingia vizuri tu, lakini pini yake ina pete tatu badala ya mbili na mpangilio wake wa athi (waya wa ardhini) ni tofauti, kwa hiyo utapata spika ya upande mmoja, sauti nyembamba na mngurumo. Kwa Pro, waya wa RCA mbili kwa mbili.

Nyuma ya sabufa za 5.1 za Kichina kuna safu mbili za matundu. Safu moja ina matundu sita, imeandikwa AC-3 au 5.1. Nyingine ina mawili tu, AUX au 2CH. Chomeka kwenye yale mawili. Wengi huchomeka kwenye mawili ya mbele ya ile safu ya sita, kisha wanashangaa spika za nyuma kukaa kimya. Zimekaa kimya kwa haki, kwa sababu kila tundu pale linahudumia spika yake tu. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha AC-3 kwenye remoti mpaka alama yake izime. Kwa hom thieta za DVD za Sony au LG, chagua chanzo cha AUDIO IN au AUX, halafu kama unataka spika zote zilie, tafuta hali ya sauti ya Pro Logic. Binafsi yetu tunaona muziki wa stirio unapendeza zaidi ukitoka spika mbili za mbele na besi, lakini sebule ina wenyewe.

Umeme: Mini inataka volti 5 kupitia USB-C. Tumia chaja ya simu ya kueleweka, ya ampea 2. Usiuchukue umeme huo kwenye tundu la USB la TV. Matundu mengi ya namna hiyo hutoa ampea 0.5, na hukata TV inapozimwa. Kisanduku kitakuwa kinazima na kuwaka, na wewe utalaumu waifai.

Washa, subiri taa ianze kuwakawaka. Kwenye simu weka programu ya WiiM Home, washa Bluetooth na huduma ya mahali ulipo, hakikisha simu iko kwenye waifai ya nyumba, kisha ongeza kifaa. Programu itakitafuta kwa Bluetooth, itakuuliza nywila ya waifai, na mara nyingi itataka kukisasisha papo hapo. Usianze kazi hii ukiwa na uniti mbili za Luku, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusasisha unaweza kukirudisha mwanzo kabisa. Kipe jina linaloeleweka. "Sebuleni" ni bora kuliko namba za kiwandani, hasa siku ukiongeza cha pili jikoni.

Halafu sauti. Usiweke sabufa juu kabisa ukaitawala kwa simu, wala kinyume chake. Weka kisanduku asilimia 80, kisha panda na kitasa cha sabufa taratibu mpaka ufike kiwango cha juu ambacho nyumba yako na jirani mnaweza kukivumilia. Acha kitasa hapo moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo unatumia simu tu. Ukisikia besi inapasuka hata kwa sauti ya wastani, kisanduku kinatoa nguvu kuliko sabufa inavyopokea: shusha hadi asilimia 60 au 70 na upandishe kitasa. Ukisikia mlio wa hewa, ssss, hata wimbo ukiwa umesimama, fanya kinyume chake.

Optiko imegoma, sabufa inanguruma

Waya wa optiko, ule wenye mwanga mwekundu kwenye ncha, ni chaguo zuri kama hom thieta yako ina tundu lake. Shida moja hujirudia: taa inaonekana, chanzo kimechaguliwa, sauti hakuna, au inatoka ya kukatakata. Hom thieta nyingi za zamani hupokea kilohezi 48 au 96 mwisho, na kisanduku kinaweza kutoa 192. Ndani ya WiiM Home, kwenye mipangilio ya kutoa sauti, punguza kikomo cha optiko hadi kilohezi 48. Ikilia, jaribu 96. Ya pili ni vumbi. Dodoma kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba upepo hauna huruma, na chembe chache kwenye ncha ya optiko zinatosha kupunguza mwanga. Vile vifuniko vidogo vya mpira usivitupe, na futa ncha kwa kitambaa laini kikavu.

Mngurumo wa chini, mmmm usiobadilika, ni habari ya athi. Mara nyingi mhalifu si WiiM bali waya wa dishi. Kisanduku, TV, king'amuzi na sabufa vimeunganishwa kwa waya za sauti, na dishi limegusa chuma cha paa au nguzo. Umeme mdogo unapata njia mbili za kwenda ardhini na kuzunguka kati yake. Jaribio lake ni la sekunde tano: mngurumo ukiwa unasikika, fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukikoma, umempata. Tiba ya kwanza ni kuingiza vyote, TV, king'amuzi, sabufa na chaja ya kisanduku, kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana tumia optiko, ambayo haipitishi umeme kabisa, au kitenganishi cha athi cha RCA, kijisanduku kidogo kinachokaa katikati ya waya. Usimruhusu fundi akate pini ya athi kwenye plagi. Mngurumo utapungua kweli, na siku moja mtu atapigwa shoti.

Mlio mwembamba kama wa nyuki, unaobadilika muziki ukianza na kusimama, huo ni chaja ya bei rahisi. Badilisha chaja.

Filamu na mpira

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Wananunua kisanduku cha waifai wakidhani watarusha sauti ya TV hadi kwenye hom thieta bila waya. Waifai ya muziki hujiwekea akiba ya sauti kabla ya kuipiga ili isikatike. AirPlay 2 inaweza kukaa nyuma kwa takriban sekunde 2. Kwa wimbo hakuna anayejua. Kwa filamu, mdomo umefungwa ndipo neno linatoka. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yanaonyesha kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa kama milisekunde 125, au ikitangulia kama milisekunde 45. Bluetooth ya SBC nayo mara nyingi hucheza kati ya 100 na 300. Penalti ya Dodoma Jiji ishapigwa, kipa ashainuka, wewe ndiyo unasikia teke.

Kwa hiyo TV iende kwenye hom thieta kwa waya. Kama vyote viwili vina HDMI iliyoandikwa ARC, tumia hiyo na uwashe udhibiti wa HDMI kwenye TV; remoti ya TV itapandisha na kushusha sauti yenyewe. Kama hakuna, optiko. Kwenye TV kuna uchaguzi wa muundo wa sauti ya kidijitali. Hom thieta yenye nembo ya Dolby Digital iwekee bitstream upate spika zote tano. Sabufa isiyo na nembo hiyo, au kile kigeuzi kidogo cha kutoka optiko kwenda RCA, iwekee PCM. Ukikosea utapata ukimya au kelele ya kukwaruza. Optiko hubeba stirio na Dolby Digital ya 5.1, miundo mikubwa zaidi haibebi.

TV janja yenye Spotify ndani na ARC inaweza kukufanya usihitaji kisanduku kabisa. Gharama yake ni kwamba TV lazima iwake. TV ya wati 80 kwa saa 5 kila siku ni uniti 12 kwa mwezi kwa ajili ya kusikiliza tu.

Chumba na bure nyingine

Sebule mpya za Dodoma zina marumaru sakafuni, jipsamu juu, madirisha makubwa ya alumini na ukuta mtupu. Sauti inaruka kama mpira wa kitenesi. Zulia la mita 2 kwa 3 na pazia nzito vitafanya kazi kuliko kutoka Mini kwenda Pro. Sabufa iliyosukumizwa kwenye kona huvimba besi, basi ivute sentimita 40 kutoka kuta zote mbili. Bado ikivuma, ingia kwenye kisawazishi cha WiiM Home na punguza desibeli 3 karibu na hezi 60 hadi 80. Usipandishe chochote. Kuongeza besi kwenye sabufa ndogo ni kuiomba ipasuke. Na ukiwa huko nyuma, chungulia tundu la hewa la sabufa, maana mijusi hupapenda.

Kabla ya kununua chochote, jaribu simu ya zamani ya Android iliyo droo. Iweke Spotify, ichomeke AUX kwenye sabufa, iingize kwenye waifai, na uitawale kutoka simu yako kwa akaunti ileile. Ni kitu kilekile kwa bei ya bure. Mwisho wake ni betri: simu inayokaa kwenye chaja mchana na usiku kwa miezi huvimba, na nyingi hunguruma zikiwa zinachaji. Wiki mbili za jaribio hilo zitakuonyesha kama nyumba yako inasikiliza muziki wa mtandaoni kweli au ilikuwa hamu ya mwisho wa mwezi.

Rauta ya 4G na kisanduku vinafaa kuwa kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya rauta, ile ya kutoa volti 12 na volti 5 kwa pamoja. Umeme ukienda na kurudi, rauta huchukua dakika mbili hivi kuamka, na kisanduku kilichoamka mapema kinasubiri mtandao. Kwa kawaida kinajiunga chenyewe. Kisipojiunga, chomoa, hesabu hadi kumi, rudisha.

Dukani nenda na vitu vitatu: spika za masikioni za waya, chaja yako, na simu ya pili ya kutoa hotspoti. Kichomekwe palepale kwenye kaunta, kiongezwe kwenye programu, wimbo mmoja usikike masikio yote mawili kupitia tundu la milimita 3.5, kisha uangalie kama tundu la optiko linatoa mwanga mwekundu. Kazi yote haizidi dakika 15. Muuzaji akisema mtandao wa hapa unasumbua, ukajaribie nyumbani, kiache hapohapo kaunta.